Saratani ya Kajiado isomwe kwa jeni za Kajiado

Mwaka wa 2007 kundi la watafiti likiongozwa na Sarah Tishkoff lilijibu swali ambalo mfugaji wa Kajiado hakuwahi kuwa na haja ya kuliuliza: mbona mtu mzima wa huku anakunywa maziwa asubuhi na jioni na tumbo halimsokoti? Kwa binadamu wengi duniani, uwezo wa kusaga sukari ya maziwa hufifia utoto unapokwisha. Kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya haufifii, na sababu yake ni badiliko la herufi moja kwenye DNA ambalo watafiti wa Finland walilitambua mwaka wa 2002. Tishkoff na wenzake walipopima Watanzania, Wakenya na Wasudani 470, waliona kwamba herufi hiyo ya Ulaya haiwaelezi wafugaji wa Afrika Mashariki. Wafugaji wetu wana herufi yao nyingine, kando kidogo ya ile, iliyozuka yenyewe miaka elfu kadhaa iliyopita, ng'ombe walipokuwa wakienea katika nyika hizi.

Mmasai wa Kajiado akipimwa kwa kipimo kilichobuniwa kwa kutazama Wazungu pekee, basi, majibu yatasema maziwa hayamfai. Mashine itakuwa imefanya kazi yake barabara, kwa kuwa imetafuta ilichoagizwa. Aliyeiagiza ndiye hakujua kwamba iko njia ya pili.

Kwenye maziwa kosa la namna hiyo halina madhara. Mzee atacheka na kuendelea kunywa. Mgonjwa wa saratani hana tumbo la kumwambia kwamba karatasi ya majibu imekosea. Na matibabu ya saratani, mwaka baada ya mwaka, yanazidi kuegemea vipimo vya jeni.

Kulingana na makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka wa 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya 44,726, na watu 29,317 wakafa kwa ugonjwa huo. Saratani za matiti, mlango wa kizazi, tezi dume na umio, yaani koo la chakula, ziko mstari wa mbele. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika Kaunti ya Kajiado, na 154,436 katika mji wa Kitengela peke yake. Mji huu ulikua kwa sababu viwanda vya saruji na eneo la EPZ la Athi River viko jirani, na kwa sababu ploti zilikuwa nafuu kuliko za Nairobi. Leo Mkamba, Mkikuyu, Mluo, Mkisii, Mluhya na Mmasai wanapanga foleni moja katika hospitali ya kaunti ndogo. Akithibitishwa kuwa na saratani inayohitaji matibabu makubwa, mkazi wa hapa hupanda matatu na kufuata barabara ya Mombasa hadi Nairobi, Hospitali Kuu ya Kenyatta au ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Elimu inayosoma jeni za saratani kwa kompyuta na hisabati huitwa bayoinfomatiki. Kazi yake huanza na sampuli mbili za mtu mmoja: kinyama cha uvimbe, na damu yake. DNA ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3. Mashine nyingi haziwezi kuzisoma kwa mfululizo, kwa hiyo DNA hukatwa vipande vya herufi mia moja au mia moja na hamsini, mamilioni kwa mamilioni, vikasomwa kwa pamoja. Kisha programu hukitafutia kila kipande mahali pake kwa kukilinganisha na jenomu ya mfano. Ndipo uvimbe unapolinganishwa na damu. Mchungaji wa Kimasai jioni hategemei hesabu ya namba. Anawajua ng'ombe wake kwa rangi na kwa alama za masikio, na mgeni akiingia kundini atamwona hata wakiwa mia mbili. Programu nayo hutafuta herufi ngeni namna hiyo. Iliyoko kwenye damu na kwenye uvimbe, mtu alizaliwa nayo. Iliyoko kwenye uvimbe tu imeletwa na saratani. Mengi ya mabadiliko hayo hayana kazi yoyote. Machache ndiyo yanayousukuma uvimbe ukue, na machache zaidi ndiyo yenye dawa.

Kenya ilionja matunda ya fikra hii mapema. Saratani ya damu iitwayo CML hutokana na kromosomu mbili kubadilishana vipande, kasoro iliyoonwa mara ya kwanza mjini Philadelphia mwaka wa 1960. Dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2001, huizima protini inayozaliwa na kasoro hiyo. Kupitia mpango wa GIPAP, wagonjwa wa Kenya walipewa tembe hizo bila malipo katika Nairobi Hospital, kazi iliyosimamiwa na Profesa Nicholas Othieno-Abinya. Ugonjwa uliokuwa ukimmaliza mtu katika miaka michache ukawa ugonjwa wa kumeza tembe kila siku na kurudi kazini. Sharti lilikuwa moja: kwanza ithibitishwe kwa kipimo kwamba kasoro ile ipo.

Sharti hilo ndilo linalonipa wasiwasi kuhusu Kajiado.

Tuseme mama wa miaka 42, mwenye duka la nguo Kitengela, amegusa uvimbe kwenye titi lake. Daktari anamwambia, "Mama, tutatoa kinyama kidogo tukakipime." Mama anauliza, "Si mtoe huo uvimbe wote, daktari, tumalizane nao?" Daktari anajibu, "Tutautoa, mama. Lakini kwanza tujue ni wa aina gani, ndio tujue dawa yake." Kinyama kile kina maswali matatu ya kujibu: je, kina vipokezi vya homoni ya estrojeni? Vya projesteroni? Na je, kina protini ya HER2 kupita kiasi? Kikiwa na vipokezi vya homoni, mama anaweza kusaidiwa na tembe kama tamoxifen, ambazo ni nafuu na humezwa nyumbani. Kikiwa na HER2, kama ilivyo kwa wagonjwa 15 hadi 20 hivi katika kila 100, dawa yake ni trastuzumab, maarufu kama Herceptin. Visipopatikana vyote vitatu, njia hubaki chache na kali.

Mwaka wa 2025 serikali ilikubaliana na kampuni ya Roche kwamba dozi moja ya Herceptin, iliyokuwa ikigharimu takriban Sh120,000, ilipiwe Sh40,000 na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na mgonjwa asitoe chochote mfukoni. Nauunga mkono mpango huo kwa moyo wote. Dawa hii hutolewa kila baada ya wiki tatu kwa muda wa mwaka hivi; bila mpango kama huo, familia ya kawaida ingeuza shamba na bado isimalize dozi. Lakini mlango wake unafunguliwa na karatasi iliyoandikwa kwamba HER2 ipo, na karatasi hiyo inategemea jinsi kinyama kilivyotunzwa tangu dakika kilipotoka mwilini.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mambo mengi yanapoharibikia. Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vilisema kwamba saratani ya matiti ya mwanamke wa Kiafrika kwa kawaida haina vipokezi vya homoni, hivyo tembe za homoni hazimfai. Mwaka wa 2014 Dkt Shahin Sayed wa hospitali ya Aga Khan, Nairobi, na wenzake walichapisha matokeo ya sampuli za Kenya zilizotunzwa kwa utaratibu unaotakiwa. Takriban 7 katika kila 10 zilikuwa na vipokezi vya estrojeni. Sehemu ya yale yaliyodaiwa kuwa maumbile ya Mwafrika ilikuwa matokeo ya vinyama kukaa mezani muda mrefu kabla ya kuhifadhiwa.

Utaratibu wenyewe unaeleweka na mtu yeyote. Kinyama kiingie kwenye fomalini kabla ya saa moja kwisha. Kikae humo kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi saa 72. Kisha kigandishwe ndani ya nta, kikatwe vipande vyembamba, kipakwe rangi, kitazamwe na mtaalamu wa patholojia. Kikichelewa kuingia fomalini, protini zake huanza kuharibika, na kipimo husema hakuna kipokezi palipokuwa na kipokezi. Kikikaa kwenye chupa wiki mbili kikisubiri gari la Nairobi, DNA yenyewe hudhurika: herufi C huanza kusomeka kama T. Kompyuta, isiyojua habari za gari lililochelewa, inaweza kuandika kwamba hilo ni badiliko la saratani.

Kwa hiyo kaunti ikiwa na fedha za jambo moja tu, isinunue mashine ya kusoma jeni. Inunue fomalini iliyochanganywa kwa kipimo sahihi. Ihakikishe kila chupa ina lebo yenye saa kinyama kilipotolewa, na kuwe na gari la sampuli linaloondoka Kajiado mjini na Kitengela kila siku ya kazi. Mashine ziko Nairobi. Haziwezi kurudisha kilichoozea hapa.

Sampuli zikitunzwa, yanayopatikana ni makubwa. Mwaka wa 2023 watafiti wa Marekani wakishirikiana na wa Kenya, akiwemo Dkt Francis Makokha wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya, walichapisha uchambuzi wa jeni za uvimbe wa matiti kutoka kwa wagonjwa 191. Kati yao 97 walikuwa Wamarekani weusi, 69 Wamarekani wenye asili ya Ulaya, 2 wenye asili ya Asia, na 23 Wakenya. Kasoro za jeni ya PIK3CA zilionekana kwa kiwango kinachofanana kwa Wakenya na kwa Wamarekani weusi na weupe. Lakini kasoro za jeni iitwayo ARID1A zilijitokeza zaidi kwa Wakenya, na zinajulikana kuusaidia uvimbe kuhimili tiba ya homoni.

Mwangalie tena mama wa duka la nguo. Kipimo cha kawaida kimesema ana vipokezi, amepewa tembe, anazimeza kwa uaminifu. Ikiwa uvimbe wake una kasoro ya ARID1A, huenda tembe zile zisifanye kazi inavyotarajiwa, na daktari wake hana njia ya kulijua hilo kutokana na rangi ya darubini. Wagonjwa 23 ni wachache mno kuandikia mwongozo wa tiba wa nchi nzima. Wanatosha kabisa kutudai tupime mamia.

Upande wa pili ni jeni alizozaliwa nazo mgonjwa, zile za kwenye damu, kwa maana ndizo zinazoamua mwili utaifanyia nini dawa. Tamoxifen hubadilishwa na ini iwe na nguvu kamili, na kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo hutokana na jeni ya CYP2D6. Iko aina ya jeni hiyo, iliyopewa namba 17, iliyo ya kawaida kwa Waafrika na adimu kwa Wazungu, ambayo hufanya kazi polepole. Jambo lililo zito zaidi linahusu fluorourasili na kapesitabini, dawa zinazotumika sana kwa saratani za utumbo na umio. Mtu ambaye jeni yake ya DPYD ni dhaifu hawezi kuziondoa dawa hizo mwilini ipasavyo. Dozi ya kawaida inaweza kumjeruhi vibaya, hata kumuua. Tangu 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya inapendekeza wagonjwa wapimwe kabla ya kuanza. Kipimo kinachotumika sana huko hutafuta aina nne za kasoro, zilizochaguliwa kwa kuwa ndizo zinazoonekana kwa Wazungu. Kasoro nyingine ya jeni hiyohiyo, inayobebwa na watu 3 hadi 5 kati ya 100 wenye asili ya Kiafrika, haimo kati ya zile nne. Hospitali ya Nairobi ikinunua kipimo hicho kama kilivyo, mgonjwa wa Kitengela anaweza kupewa karatasi ya kumtuliza moyo na dozi ya kumuua siku hiyohiyo. Hii ni hadithi ya maziwa ikirudiwa, safari hii na mauti ndani yake.

Umio una kisa chake. Tangu miaka ya 1950 na 1960 madaktari waliona kwamba saratani ya umio ni nyingi mno katika ukanda unaoshuka kutoka Kenya kupitia Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi. Hospitali ya Tenwek, Bomet, imeishi nayo kwa miongo mingi. Wagonjwa huletwa wakiwa hawamezi hata maji, na wengi wao huwekewa kijibomba cha kuzibua njia ya chakula ili angalau wale. Wamelaumiwa wengi: chang'aa, tumbaku, moshi wa kuni, mursik, chai moto. Wanasayansi wakawa na matumaini kwamba jeni zitamtaja mhusika. Moshi wa sigara, kwa mfano, huacha alama zake kwenye DNA ya mapafu, nalo jua huacha zake kwenye ngozi, na kompyuta huzitambua alama hizo hata miaka 30 baadaye.

Basi wakakusanya uvimbe 552 kutoka nchi nane: Kenya, Tanzania, Malawi, Iran, China, Japani, Brazil na Uingereza. Wakasoma jenomu nzima ya kila mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2021, na yaliwashangaza wengi: alama za uvimbe wa nchi zenye ugonjwa mwingi na za nchi zenye ugonjwa mchache zilifanana sana. Hakuna alama ya kigeni iliyosimama na kusema, mimi ndiye ninayewaua Wakenya. Alama zilizotawala zilitoka ndani ya mwili wenyewe, kwenye vimeng'enya viitwavyo APOBEC, ambavyo kazi yake ya asili ni kupigana na virusi.

Wako watakaosema huko ni kushindwa. Mimi naona ni moja ya majibu yenye thamani kubwa tuliyowahi kupewa, kwa kuwa linaelekeza macho kwingine: huenda kisababishi hakichubui DNA moja kwa moja, ila huunguza na kukera ukuta wa umio siku baada ya siku hadi seli zilizojeruhiwa zikapata nafasi ya kuharibika. Vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 viliwekwa na IARC mwaka wa 2016 katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani, na uchunguzi uliofanywa magharibi mwa Kenya umeihusisha chai ya moto sana na ugonjwa huu. Katika boma la Kajiado na kibanda cha Kitengela, chai ya maziwa hunywewa ikitoka jikoni. Kuiacha ipoe dakika chache hakuhitaji maabara wala bima.

Mbona jeni zetu ziwe tofauti kiasi cha kuvipotosha vipimo vya wenzetu? Jibu liko hapahapa kaunti, njia ya kwenda Magadi. Olorgesailie kumechimbuliwa zana za mawe za ustadi wa hali ya juu zenye umri wa takriban miaka 320,000. Watu wameishi Afrika muda mrefu kuliko kwingine kokote, na waliohama kwenda Ulaya na Asia walibeba sehemu tu ya wingi uliokuwapo. Hata hivyo jenomu ya mfano, ile ambayo kila kipande cha DNA hulinganishwa nayo, kwa takriban asilimia 70 ilitoka kwa mtu mmoja aliyejitolea huko Buffalo, Marekani. Mwaka wa 2019 uchambuzi wa watu 910 wenye asili ya Kiafrika ulipata herufi milioni 296 ambazo hazimo katika mfano huo. Mwaka uliofuata mradi wa H3Africa ulisoma watu 426 wa makabila 50 na kupata tofauti mpya zaidi ya milioni 3.

Wamasai wenyewe hawakusahaulika kabisa. Mradi wa kimataifa wa HapMap, uliochapisha awamu yake ya tatu mwaka wa 2010, ulikuwa na Wamasai wa Kinyawa na Waluhya wa Webuye kati ya jamii zake 11. Seli zao zinatunzwa katika taasisi ya Coriell huko Camden, New Jersey, na watafiti wa kila pembe wamezitumia. Lakini sampuli hizo zilichukuliwa bila taarifa za afya za waliozitoa. Zinaweza kueleza Wamasai walitoka wapi. Haziwezi kueleza nani aliugua nini, wala dawa gani ilimfaa.

Wataalamu tunao. Mtandao wa EANBiT umefundisha vijana wa bayoinfomatiki kupitia icipe kule Kasarani, Chuo Kikuu cha Pwani, Chuo Kikuu cha Nairobi na Makerere. Wakati wa Covid-19, KEMRI-Wellcome ya Kilifi ilisoma jenomu za virusi nchini humuhumu bila kungoja Ulaya. Kijana aliyesoma virusi anaweza kusoma uvimbe, akiletewa uvimbe.

Na hapo tunarudi kwa mgonjwa, kwa kuwa kinyama ni chake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeziweka taarifa za jeni kati ya taarifa nyeti za mtu. Tena si za mtu mmoja: kasoro ya kurithi kama ya BRCA ikionekana kwenye damu ya mama, inawahusu dada zake na mabinti zake pia, waliopo Kitengela na waliopo Loitokitok. Kwa hiyo kabla ya sampuli kuvuka mipaka ya kaunti, fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili na kwa Kimasai, isomwe kwa sauti mbele ya asiyejua kusoma, na itaje waziwazi sampuli itapelekwa nchi gani, itakaa huko miaka mingapi, na ni nani atakayempigia mgonjwa simu siku kitakapoonekana kitu kinachogusa matibabu yake.